Kromatidi pacha zinajuaje kila moja iende upande wake?

Mzizi_Mchanga aliuliza:

Habari wakuu. Kila kitabu cha sekondari kinaimba wimbo uleule: profezi kromosomu hufupika na kunenepa, metafezi hujipanga katikati, anafezi kromatidi huvutwa kwenda ncha mbili za seli, telofezi viini viwili huundwa. Sawa, hayo nimeyashika. Ninachokosa ni sehemu ambayo kila mtu anairuka: zinajuaje?

Seli ya binadamu inaingia mitosisi (kujigawa kuwa seli mbili) na kromosomu 46, kila moja ikiwa na kromatidi mbili, yaani nakala mbili pacha, jumla kromatidi 92. Kila seli changa haitakiwi kupata 46 zozote tu. Inatakiwa nakala moja ya kila aina. Nimejaribu hesabu: kama kila kromatidi ingejiendea upande wowote kwa bahati, uwezekano wa jozi moja kutengana vizuri ni nusu. Jozi zote 46 kutengana vizuri ni nusu mara nusu, mara 46, yaani mara 1 katika trilioni 70 hivi. Kwa hiyo bahati siyo jibu.

Halafu seli inajuaje kwamba zote zimeshajipanga kabla ya kuanza kuvuta? Na kwenye anafezi nihesabu kromosomu 46 au 92? Nimekuta miongozo miwili inayopingana. La mwisho: kwenye slaidi ya ncha ya mzizi wa kitunguu, profezi ni tele lakini anafezi ni za kutafuta kwa tochi. Slaidi ndiyo mbovu, au ndivyo ilivyo?

---

KinetokoriMoja alijibu:

Vitabu vinakosea pa kuanzia. Vinafungua hadithi kwenye profezi, wakati kazi ya kuhakikisha mgawo haukosewi imeshaanza saa kadhaa nyuma, DNA inaponakiliwa katika awamu ya S.

Nakala mbili zinapotoka kwenye mashine ya kunakili hufungwa pamoja palepale kwa pete za protini iitwayo kohesini. Pete inazizunguka zote mbili. Kwa sababu hiyo seli haina haja baadaye ya kupekua lundo la kromatidi 92 ikitafuta nani pacha wa nani. Pacha hawajaachana tangu walipozaliwa. Hapo ndipo ile trilioni 70 yako inapoyeyuka: kazi iliyobaki ni kuhakikisha kila fungu, kati ya mafungu 46, limeshikwa kutoka kushoto na kutoka kulia.

Kabla ya kushikwa lazima yafungashwe. Kromosomu namba 1 ya binadamu ina jozi za besi milioni 249 hivi. Ukiinyoosha DNA yake unapata sentimita 8.5. Kwenye metafezi fungu zima lina urefu wa mikromita 10 au pungufu. Protini iitwayo kondensini ndiyo inayokunja vitanzi juu ya vitanzi. Wakati huohuo kimeng'enya topoisomerasi II kinafungua mafundo: kinakata DNA moja, kinapitisha nyingine kwenye pengo, kisha kinaunga. Bila hicho, pacha wangebaki wamesokotana kama nyuzi za kamba, na kuwavuta kungewakata. Kwa wanyama wenye uti wa mgongo, pete nyingi za kohesini zilizo mikononi mwa kromosomu huondolewa hapo kwenye profezi. Zile za sentromea, mahali pacha wanaposhikana zaidi, zinabaki, zikilindwa na protini iitwayo shugoshini.

(Kwa njia, ile picha ya X inayopendwa na vitabu inatokana na seli zilizozuiwa kwa dawa kwa muda mrefu, mpaka mikono ikaachana kabisa. Katika metafezi ya kawaida mikono ya pacha bado imelala ubavu kwa ubavu. Usihangaike kutafuta X kwenye kitunguu ambacho hakikupewa dawa.)

Sasa kushikwa. Juu ya sentromea ya kila kromatidi kunajengwa kinetokori, lundo la aina nyingi za protini, na ndiyo mshikio. Kinetokori mbili za pacha zimepeana mgongo: moja ikitazama ncha ya kushoto, mwenzake yumkini anatazama kulia. Umbo hilo peke yake linasaidia sana, ila halitoshi.

Upande wa pili kuna mikrotubuli, mirija ya protini ya tubulini yenye kipenyo cha nanomita 25. Mirija hii haikai ilivyo. Inarefuka, ghafla inaporomoka, inaanza tena, inapapasa. Mara nyingi mguso wa kwanza ni wa ubavuni, kinetokori inaegemea ubavu wa mrija na kuburutwa juu yake, na baadaye ndipo inashika mwisho wa mrija kwa kutumia changamano la protini liitwalo Ndc80. Kinetokori ya binadamu hujaza mirija 15 hadi 20 hivi. Ya hamira ya mkate hushika mmoja tu, na bado inagawa kromosomu zake 16 vizuri.

Kupapasa huko huleta mishiko ya kila namna. Pacha mmoja ameshikwa, mwingine yuko huru. Au wote wawili wameshikwa kutoka ncha ileile. Au kinetokori moja imeshikwa kutoka ncha zote mbili kwa wakati mmoja. Au ule unaotakiwa: pacha huyu kutoka kushoto, yule kutoka kulia. Huu wa mwisho ndio unaozaa mvutano wa kweli, kama mchezo wa kuvuta kamba wenye timu pande zote mbili. Wote wakishikwa kutoka upande mmoja, kamba inaenda tu, haikazi.

Na huo mkazo ndio unaoamua. Katikati ya sentromea kunakaa kimeng'enya Aurora B. Kazi yake ni kubandika fosfeti kwenye sehemu ya Ndc80 inayoshika mrija, na fosfeti zikiwa nyingi, mshiko unalegea. Kamba ikiwa haijakaza, kinetokori iko karibu na Aurora B, inapigwa fosfeti, inaachia mrija, inajaribu upya. Kamba ikikaza, sehemu ya nje ya kinetokori inavutwa mbali, mkono wa Aurora B haufiki vizuri, mshiko unadumu.

Kwa hiyo kwenye swali lako la "zinajuaje", jibu langu ni kwamba hazijui. Seli haina ramani wala orodha. Mshiko mbaya haudumu, mshiko mzuri unadumu, na zoezi linarudiwa mpaka yote 46 yatulie.

---

Sekurini alijibu:

Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila nitenganishe mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Kusahihisha mshiko ni kazi moja. Kuzuia anafezi isianze ni kazi nyingine. Aurora B anasahihisha. Anayezuia ni kituo cha ukaguzi, na kituo hiki hakiangalii mvutano moja kwa moja. Kinaangalia kama kinetokori imejazwa mirija au iko tupu.

Kinetokori tupu inakusanya protini mbili, Mad1 na Mad2. Pale juu yake Mad2 inabadilishwa umbo, inamshika protini nyingine, Cdc20, kisha wanaungana na protini BubR1 na Bub3 kuwa changamano moja linalosambaa kwenye saitoplazimu. Cdc20 ndiye anayeiwasha APC/C, mashine inayoweka alama ya ubikwitini kwenye protini zinazotakiwa kuharibiwa. Cdc20 akiwa mateka, APC/C haifanyi kazi hiyo, na anafezi haianzi.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba ishara inayotumwa ni ya "subiri". Kinetokori 91 zilizojaa hazipigi kura ya kuanza. Moja iliyo tupu inatosha kuizuia seli nzima. Mwaka 1995 Conly Rieder na wenzake walilithibitisha hilo kwa njia ya ukatili kidogo: walitumia seli za figo za potoroo, mnyama mdogo wa jamii ya kangaruu ambaye kromosomu zake ni chache na zinaonekana vizuri, wakaichoma kwa leza kinetokori ya mwisho iliyokuwa bado haijashikwa. Seli ilikuwa imesimama inasubiri; baada ya kinetokori ile kuharibiwa, ikaingia anafezi ndani ya dakika 20 hivi. Kromosomu yenyewe ilikuwa bado haijashikwa vizuri, lakini mlalamikaji alikuwa ameondolewa.

Aurora B anaingiaje hapa? Akiufungua mshiko mbovu, kinetokori inabaki tupu kwa muda, na utupu huo ndio unaopiga kengele.

Kinetokori ya mwisho ikijaa, APC/C inaweka alama kwenye vitu viwili kwa pamoja, navyo vinasagwa na proteasomu, kinu cha seli cha kusaga protini. Cha kwanza ni protini sekurini (jina langu limetoka hapo), aliyekuwa amekifunga mdomo kimeng'enya separesi. Separesi akifunguliwa anaikata pete ya kohesini, hasa kipande chake kiitwacho RAD21, na pacha wote wa seli nzima wanaachana karibu kwa pamoja. Cha pili ni protini saiklini B. Bila yeye kimeng'enya Cdk1 kinazimika, na hapo hakuna kurudi nyuma. Ndiyo maana anafezi inaanza kwa ghafla. Mvutano ulikuwapo tangu metafezi. Kilichokosekana ni kukatwa kwa kufuli.

Baada ya hapo miendo ni miwili. Kwanza kromatidi zinasogea kuelekea ncha, mikromita 1 hivi kwa dakika katika seli za mamalia. Mirija haivuti kama misuli. Inaporomoka kuanzia mwisho ulioshikwa, na kinetokori inaendelea kung'ang'ania mwisho huo unaorudi nyuma, kama mtu aliyeshika kamba inayoungua mkononi mwake huku hataki kuiachia. Wa pili ni ncha zenyewe kusogea mbali: mirija inayopishana katikati inasukumana na kuteleza, na kwa wanyama, mirija ya nje inavutwa na protini daineini iliyo chini ya utando wa seli.

---

Lenzi40 alijibu:

La kuhesabu naliweza kwa ufupi. Hesabu sentromea. Kila sentromea inayosimama peke yake ni kromosomu moja.

Baada ya awamu ya S: sentromea za pacha zimefungwa pamoja, kwa hiyo kromosomu 46, kromatidi 92. Profezi na metafezi ni vilevile. Kohesini ikikatwa, kila kromatidi inakuwa kromosomu kamili, kwa hiyo seli iliyo kwenye anafezi ina kromosomu 92, 46 kila upande. Kwa kitunguu ni 16 kabla, 32 kwenye anafezi, 16 kila upande. Mwongozo unaosema 46 kwenye anafezi labda unahesabu upande mmoja tu, na ungepaswa kusema hivyo.

Kinachowachanganya wanafunzi ni kwamba kiasi cha DNA hakipandi pamoja na idadi ya kromosomu. DNA inarudufika awamu ya S huku kromosomu zikibaki 46. Kromosomu zinakuwa 92 kwenye anafezi huku DNA ikiwa ileile. Chora mistari miwili kwenye grafu moja, mmoja wa DNA na mmoja wa sentromea, utaona inapanda nyakati tofauti na kushuka pamoja seli inapogawanyika.

Na msidhani kuhesabu ni jambo dogo. Kwa miaka mingi ilikubalika kwamba binadamu ana kromosomu 48. Mwaka 1956 ndipo Joe Hin Tjio na Albert Levan, huko Lund, Uswidi, walipotoa hesabu ya 46, wakiwa wametumia dawa ya kolkisini kuzisimamisha seli kwenye metafezi na mchanganyiko wenye chumvi kidogo kuzivimbisha ili kromosomu zisilaliane.

---

Mzizi_Mchanga:

Asanteni sana, hasa hilo la kengele ya "subiri". Sasa swali linajileta lenyewe. Sekurini, umesema kituo kinaangalia tu kama kinetokori imejazwa. Ule mshiko wa tatu aliotaja KinetokoriMoja, kinetokori moja kushikwa kutoka ncha zote mbili, si imejaa? Nani anaukamata?

---

Sekurini:

Umegonga penyewe. Kituo cha ukaguzi hakiukamati. Kinetokori imejaa, pacha wake naye amejaa, na mvutano upo pia kwa sababu kuna wanaovuta kila upande. Kengele inanyamaza. Aurora B anajitahidi kulegeza mirija iliyotoka upande usio wake, na mingi husahihishwa kabla ya anafezi kwa njia hiyo, lakini akikosa muda, seli inaondoka hivyohivyo.

Kinachofuata kinaonekana hata kwa hadubini ya kawaida: pacha wengine wamefika karibu na ncha, halafu kuna mmoja amekwama katikati, anavutwa huku na huku, wakati mwingine sentromea yake imenyooshwa kama mpira. Mara nyingi anaponea, maana mirija ya upande sahihi ni mingi kuliko ya upande mwingine na inamshinda nguvu. Akichelewa sana, utando wa kiini unajengwa upya wakati yeye yuko nje, naye anapata kiini chake kidogo pembeni. Kiini kidogo hiki ni balaa. Utando wake ni dhaifu na hupasuka kirahisi, kunakili DNA ndani yake kunasuasua, na kromosomu iliyomo inaweza kuvunjika vipande vingi na kuungwa ovyo.

Chanzo kikubwa cha mishiko hii katika seli za saratani ni sentrosomu, vituo vinakoanzia mirija, kuzidi mbili. Spindeli, yaani mfumo mzima wa mirija hiyo, inaanza na ncha tatu au nne, mirija inashika kutoka kila pembe, kisha ncha zinajikusanya kuwa mbili kabla ya anafezi. Ukiitazama mwishoni unaona spindeli nzuri yenye ncha mbili, lakini mishiko mibovu ya mwanzo imebaki humo.

Dawa nazo msizichanganye. Kolkisini, vinblastini na vinkristini huzuia tubulini isijengeke kuwa mirija, kwa hiyo kinetokori zinabaki tupu. Paklitakseli hufanya kinyume, huigandisha mirija isiporomoke. Spindeli ipo, ila haifanyi kazi sawasawa, kamba hazikazi, mishiko haitulii. Njia mbili tofauti, mwisho uleule: kengele inapiga, seli inasimama. Haisimami milele, lakini. Hata kituo kikiwa kimewaka, saiklini B inavuja polepole, na ikipungua vya kutosha seli hutoka kwenye mitosisi bila kugawa chochote. Hapo unapata seli moja yenye kromosomu 92, kama haikufa.

---

KinetokoriMoja:

Niongeze dogo, kwa sababu nimeona mtu akiuliza kwenye uzi mwingine. Kromosomu 21 kuwa tatu kwa kawaida ni kosa la meiosisi, wakati wa kutengeneza yai au mbegu. Kosa likitokea kwenye mitosisi baada ya mimba kutungwa, matokeo ni mchanganyiko: baadhi ya seli za mwili zina 47, nyingine 46. Msiyaweke kapu moja.

Pia msichanganye kromosomu iliyokwama na daraja. Iliyokwama imesimama peke yake katikati. Daraja ni uzi ulionyooka kutoka kundi moja hadi jingine. Sababu zake ni nyingine kabisa: kromosomu yenye sentromea mbili, kila moja ikivutwa kwake, au DNA ya pacha ambayo topoisomerasi II haikumaliza kuifungua.

---

Fundi Slaidi alijibu:

Nimechelewa, wenzangu wamemaliza nadharia. Nibaki na kitunguu.

Kwanza, anafezi chache si kosa la slaidi. Seli hazigawanyiki kwa mpigo mmoja, kwa hiyo idadi ya seli unazozikuta kwenye hatua fulani inaendana na muda ambao hatua hiyo inachukua. Tuchukue mfano wa namba za kubuni: umehesabu seli 1,000, kati yake profezi 45, metafezi 14, anafezi 8, telofezi 13. Jumla 80 ziko kwenye mitosisi, yaani asilimia 8. Kama mzunguko wote wa seli ni saa 20, sawa na dakika 1,200, anafezi inachukua 8 gawanya kwa 1,000 mara 1,200, yaani dakika 9.6. Metafezi dakika 16.8. Ni makadirio tu, kwa sababu kwenye tishu inayokua seli changa ni nyingi kuliko zilizokaribia kugawanyika, lakini kwa darasa yanatosha. Usihesabu seli 50 ukatoa hitimisho. Hapo anafezi moja ikikukwepa, jibu lote limepinda.

Sasa utaratibu. Kata mizizi ikiwa na urefu wa sentimita 1 hadi 2. Mizizi mirefu iliyozeeka hugawanyika kidogo. Itumbukize mara moja kwenye ethanoli sehemu 3 kwa asidi asetiki kali sehemu 1, mchanganyiko uliotengenezwa siku hiyohiyo, ukae saa 12 hadi 24. Ukitaka kuitunza, ihamishie kwenye ethanoli ya asilimia 70 na uiweke kwenye baridi. Usiiache mizizi hewani hata dakika chache kabla ya kuitumbukiza. Seli zilizo kwenye anafezi zitaimaliza, mpya hazitaingia.

Kisha asidi ya hidrokloriki 1 M, nyuzi 60 za Selsiasi, anza na dakika 5. Asidi inayeyusha gundi ya pektini inayoshikanisha seli. Vaa glovu na miwani, na asidi iwe imeshapata joto kabla ya mizizi kuingia, la sivyo unahesabu dakika ambazo hazikufanya kazi. Suuza kwa maji mara mbili au tatu. Weka kwenye rangi ya aseto-orseini dakika 10 hadi 20, au bluu ya toluidini ya asilimia 0.5 kwa dakika 2.

Baada ya rangi ndipo kata, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Unataka milimita 1 hadi 2 za mwisho tu. Kwenye rangi sehemu hiyo inaonekana nzito kuliko mzizi uliobaki, kwa sababu seli zake ni ndogo na viini vimeshonana. Kata kwa wembe, tupa kilichobaki. Tone la asidi asetiki ya asilimia 45, chana kipande kwa sindano mbili, funika kwa kioo, gonga taratibu kwa nyuma ya penseli mpaka kipande kisambae kama wingu. Weka karatasi ya kufyonza juu, kisha bonyeza kwa dole gumba kwenda chini moja kwa moja. Kioo kikiteleza hata milimita moja, seli zinajiviringisha kama uchafu wa kifutio na hakuna cha kuokoa.

---

Mzizi_Mchanga:

Nimekuelewa mkuu. Kwangu seli zinalaliana tabaka mbili tatu, na sehemu nyingine zote ni za mstatili mrefu. Kosa ni asidi au ni kukata?

---

Fundi Slaidi:

Ni yote mawili. Kulaliana ni asidi haikutosha, au mizizi iliingia kwenye asidi baridi. Ongeza dakika moja moja mpaka 10. Ukizidisha, kromosomu zitapauka na kipande kitakuwa uji. Seli za mstatili mrefu maana yake umekata juu mno, uko eneo la kurefuka, na huko mitosisi imekwisha. Seli unazozitaka ni karibu za mraba, kiini kinachukua sehemu kubwa ya seli. Ukiona seli kubwa zilizolegea zinazobanduka mojamoja, umeangukia kofia ya mzizi. Sogea nyuma kidogo.

Tazama kwanza kwa lenzi ya 10, tafuta kundi la seli za mraba, ndipo uhamie 40. Na uangalie sana metafezi zilizogeuka: ukiitazama kutoka upande wa ncha, haionekani kama mstari, inaonekana kama duara la kromosomu lililotapakaa, na wengi huiandika profezi. Njia ya kuitofautisha ni kutazama katikati ya duara na kingo zake. Kromosomu za metafezi ni nene, fupi, mikono inaning'inia nje, na nyuklioli (lile doa la mviringo ndani ya kiini) haipo. Kwenye profezi nyuzi ni ndefu, zimejaa kiini kizima, na mara nyingi nyuklioli bado inaonekana.

Anafezi ya kitunguu ukiipata, tulia nayo. Kromosomu zimepinda mfano wa V, kona ya V imetangulia kuelekea ncha, mikono inaburutwa nyuma. Kona hiyo ndiyo sentromea, na hapo unaiona kinetokori ikifanya kazi ingawa yenyewe ni ndogo mno kuonekana. Zile zenye sentromea iliyokaa pembeni zitakuwa na umbo la J. Usitafute sentrioli, vile vijiti vidogo vya sentrosomu, kwenye ncha. Mimea ya maua haina, na ncha za spindeli yake ni pana, zimekaa kama midomo ya pipa. Ukiona mstari mwembamba umeanza kuonekana katikati ya makundi mawili, hiyo ni sahani ya ukuta mpya wa seli inajengwa, iandike telofezi.

---

Lenzi40:

Na akitaka kuhesabu zile 16?

---

Fundi Slaidi:

Hapo anafezi haimfai, makundi yamebanana mno. Azisimamishe kwenye metafezi kwanza. Kolkisini ya asilimia 0.05 kwa saa 3 hadi 4 kabla ya kutumbukiza kwenye ethanoli na asidi, ila ni sumu kali hata kwa kiasi kidogo, si ya kuachiwa wanafunzi. Mbadala ni maji ya barafu, nyuzi 0 hadi 4, mizizi ikae humo saa 24. Baridi nayo huvunja mirija ya tubulini, kromosomu zinafupika na kutawanyika vizuri. Ajue tu kwamba slaidi hiyo haitakuwa na anafezi, na asilimia ya seli zilizo kwenye mitosisi itakuwa imepandishwa, kwa hiyo asiitumie kwa ile hesabu ya dakika. Atengeneze mbili: moja ya kuhesabu kromosomu, nyingine bila dawa wala barafu kwa ajili ya hatua.